Kahawa Nzuri Kambini na Mashuani: Moto ni wa Maji, Si wa Kahawa

Kahawa nyingi ya kambini huharibika kwa namna moja. Unga hutiwa sufuriani moto ukiwaka, vikatokota pamoja mpaka mpishi aridhike na rangi, kisha sufuria ikasogezwa kando ya makaa na mashapo yake ndani, ikingoja waliolala waamke. Anayewahi anapata kinywaji cha kuvumilika. Anayechelewa anakunywa dawa.

Watu hulaumu vifaa, lakini sufuria ya kawaida yenye kifuniko hutoa kahawa safi kabisa ikiwa moto utaachiwa kazi yake moja, yaani kuchemsha maji. Kahawa yenyewe huiva nje ya moto, kwa kipimo na kwa saa. Ukilishika hilo, vifaa vya bei vinabaki kuwa suala la uzito wa mzigo na hamu ya mtu.

Kazi ya nyumbani kabla ya safari

Nusu ya kahawa nzuri ya porini hutengenezwa jikoni nyumbani, kwenye mizani.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji. Kwa nusu lita ni gramu 30, na kwa kikombe kimoja kikubwa cha mililita 250 ni gramu 15. Kijiko cha chakula cha mililita 15, kikisawazishwa juu, hubeba takriban gramu 5 za unga, kwa hiyo nusu lita ni vijiko sita na lita ni kumi na viwili. Neno "takriban" lina uzito hapo: kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi kuliko iliyokaangwa kidogo, na vijiko havilingani. Pima kijiko utakachobeba ukitumia kahawa utakayobeba, mara moja tu, uandike jibu kwenye pakiti.

Njia bora zaidi ni kutobeba kijiko cha kupimia kabisa. Gawa unga katika vipakiti vya gramu 30 kila kimoja, toa hewa, funga. Kipakiti kimoja ni nusu lita, viwili ni lita. Saa kumi na moja alfajiri, gizani, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hakuna atakayehesabu vijiko sawasawa.

Maji nayo yanahitaji alama. Mimina nusu lita iliyopimwa kwenye sufuria ya safari, kisha ukwaruze alama ya msumari ukutani mwake, kwa ndani, pale maji yalipofikia. Fanya vivyo hivyo kwa lita moja. Sufuria yenye utando wa kuzuia chakula kushika usiikwaruze. Pima kwa kikombe chako badala yake, ukishajua kinabeba kiasi gani.

Sasa kusaga. Kila chombo kina unene wake wa unga, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu unga wa dukani mara nyingi husagwa kwa ajili ya mashine za chujio la karatasi, na kwa sufuria ni laini mno. Kwa sufuria, au kwa birika lenye chujio la waya linalosukumwa chini kwa mkono, saga chenga, ukubwa wa chumvi ya mawe. Kwa koni ya karatasi, iwe kama mchanga. Moka, yaani birika la chuma ambalo mvuke husukuma maji yapande kupitia unga, inataka unga laini kuliko mchanga, lakini usifikie ulaini wa unga wa ngano. Unga ukiwa laini kuliko chombo kinavyotaka, kahawa hutoa uchungu haraka na vumbi halitulii chini. Ukiwa mnene kupita kiasi, maji hupita bila kuchukua kitu.

Kahawa iliyosagwa huanza kupoteza harufu saa ile ile. Kwa safari ya siku mbili tatu, saga usiku wa kuamkia safari na ufunge bila hewa. Tofauti na ya kusaga papo hapo ipo, ila haitaharibu asubuhi ya mtu. Safari ikizidi hapo, beba punje na kinu kidogo cha mkono. Kumbuka tu kwamba vinu vingi vya safari hubeba gramu 20 hadi 30 kwa mkupuo mmoja. Watu watano wakitaka kahawa, utasaga mara tatu, na huenda ukajikuta unatafuta msaidizi.

Chagua kahawa iliyokaangwa kiasi cha wastani, ikiwa na wiki moja hadi nne tangu kukaangwa. Iliyoungua hadi kung'aa mafuta huingia uchungu kwa kosa dogo tu la muda. Iliyokaangwa kidogo sana hudai maji ya moto mkali na uvumilivu, vitu viwili ambavyo upepo wa ziwani hauvitoi kwa urahisi.

Na usiiweke kwenye sanduku la ndoano wala kwenye boksi la barafu lenye chambo. Kahawa hunasa harufu ya kila kitu kilicho jirani yake.

Maji

Maji ya bomba kutoka nyumbani ndiyo rahisi zaidi kwa safari fupi. Ukichota mtoni au ziwani, chota yanayotembea na yaliyo wazi, yachuje kwa kitambaa ikiwa yana tope, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu. Usikadirie kwamba kahawa "itaua vijidudu" kwa kuwa ni ya moto. Maji yaliyotolewa motoni yakiwa karibu kuchemka, na hayakuchemka, si maji yaliyotibiwa.

Ziwa lenye utando wa kijani juu yake liache kabisa. Sumu za mwani huo haziondoki kwa kuchemsha, na chujio la kawaida la safari halizizuii.

Vidonge vya klorini huacha ladha inayoivuruga kahawa kuliko inavyovuruga chai. Ukilazimika kuvitumia, subiri muda wote ulioandikwa kwenye pakiti, kisha tia chembe kidogo ya vitamini C ya unga; huondoa klorini na ladha yake huenda nayo. Ukiitia kabla ya muda huo kuisha unaiondoa klorini kabla haijafanya kazi yake.

Kuhusu joto: kahawa hutoka vizuri kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi. Ufukweni, maji yakitokota toa sufuria motoni, fungua kifuniko, hesabu nusu dakika. Mlimani mambo hubadilika, kwa sababu maji huchemka kwa joto la chini zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 1,500 yanachemka kwenye nyuzi kama 95, na kwenye mita 3,000 kwenye nyuzi kama 90. Huko juu hakuna kusubiri. Mimina yakiwa bado yanatokota, saga laini kidogo kuliko kawaida, na ongeza dakika moja ya kuloweka. Kahawa ya mlimani ikionekana chachu na nyepesi, chanzo huwa ni hiki, na kuongeza unga peke yake hakutibu.

Moto

Kuni: subiri makaa. Ndimi za moto hupaka sufuria masizi, huchemsha upande mmoja na kupuliza moshi ndani ya maji. Sufuria iwe na kifuniko tangu maji yanapowekwa mpaka yanapotolewa. Usitumie mbao zilizopakwa rangi wala kuni zenye utomvu mwingi. Kama masizi yanakuudhi, paka sabuni ya kipande nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, kisha masizi yatatoka kwa maji matupu.

Gesi ya kopo: kuchemsha lita moja kutoka maji ya kawaida hula kama gramu 15 za gesi pasipo upepo, hivyo kopo la gramu 230 ni takriban lita 15. Upepo unaweza kuifanya hesabu hiyo kuwa nusu. Kinga upepo kwa mwamba, mzigo au gogo, ukiviweka mbali na mwali, wala usizungushie kikinga cha bati jiko linalokaa juu ya kopo lake. Joto linalonaswa hapo hulipasha kopo, na kopo likipata moto kupita kiasi hupasuka. Alfajiri ya baridi kali jiko linaweza kufifia ingawa kopo limejaa: butani haigeuki kuwa mvuke chini ya nyuzi 0 hivi. Lala na kopo ndani ya blanketi, au nunua mchanganyiko wenye isobutani na propani.

Jambo moja halina mjadala. Jiko la aina yoyote, la gesi, spiriti au makaa, haliwashwi ndani ya hema wala ndani ya chumba cha mashua kilichofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na huua mtu akiwa anasinzia vizuri tu.

Sufuria: njia ya msingi

Hii hapa ni kwa lita moja, inayotoa vikombe vinne vya mililita 200. Usishangae kwamba si vitano: unga hunywa maji mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo gramu 60 zinabaki na mililita 120, na kiasi kingine utakiacha chini na tope lake.

1. Chemsha lita moja ya maji sufuria ikiwa imefunikwa. Wakati huo, weka vikombe karibu na moto vipate joto.
2. Toa sufuria motoni, iweke chini mahali tambarare. Isirudi tena motoni. Hesabu nusu dakika.
3. Tia gramu 60 zote kwa pamoja, koroga mara kumi hivi mpaka usione unga mkavu unaoelea. Unga mkavu ni kahawa uliyoitupa.
4. Funika. Dakika nne. Kukiwa na baridi, izungushie sufuria taulo au shati zito.
5. Fungua. Utakuta ukoko wa unga na povu juu. Uvunje kwa mgongo wa kijiko, koroga mara mbili tatu taratibu, uone unga ukianza kuzama.
6. Nyunyiza vijiko vinne vya maji baridi yaliyo salama kunyweka, ukizunguka ukingo wa sufuria. Yanasaidia kusukuma chini chembe zilizobaki juu. Funika tena dakika tatu au nne.
7. Mimina polepole, kwa mkono mmoja usiositasita, bila kuinua na kushusha. Kila ukisimama na kuanza tena, unatikisa mashapo. Acha kimo cha kidole kimoja chini.

Kisichonyweka papo hapo kimiminwe kwenye thamosi iliyopashwa joto. Kahawa ikibaki juu ya mashapo huendelea kuiva hata kama imepoa, ndiyo maana kikombe cha pili huwa kichungu kuliko cha kwanza wakati sufuria ni ile ile.

Kuna wanaotia maganda ya mayai, na wanaozungusha sufuria kwa mkono hewani ili unga utulie. Maganda yana mantiki kidogo lakini dakika tatu za subira hufanya kazi hiyo hiyo. Kuzungusha lita ya maji ya moto juu ya vichwa vya watu hakuna mantiki yoyote.

Vyombo vingine, kwa ufupi

Moka hutoa kahawa nzito kidogo kidogo: ile inayoitwa ya vikombe vitatu hutoa karibu mililita 130 hadi 150. Jaza maji ya moto chini ya vali ya usalama, kamwe yasiifunike. Jaza kikapu unga mpaka ukingoni bila kuushindilia. Kaza kwa kitambaa, kwa kuwa sehemu ya chini tayari ni ya moto. Moto uwe mdogo, kifuniko wazi. Kahawa ikianza kutoka kwa kukoroma na kugeuka rangi ya majani makavu, toa, uchovye kitako kwenye maji baridi. Ladha ya kuungua ambayo watu huinasibisha na moka hutokea hasa katika sekunde hizo za kukoroma. Juu ya kuni mpini wa plastiki huyeyuka na mpira wa ndani huungua, na juu ya jiko dogo la gesi chombo hiki hupinduka kirahisi. Tafuta wavu wa kukiweka juu yake.

AeroPress, bomba la plastiki la kusukuma kahawa kwa mkono kupitia chujio, iliyobuniwa na Alan Adler na kuanza kuuzwa mwaka 2005, inawafaa wasafiri wa peke yao: haivunjiki, na mashapo hutoka yakiwa tonge kavu. Gramu 15, maji mililita 220, koroga, subiri dakika moja na nusu, sukuma kwa nusu dakika. Ukisikia hewa ikipuliza, simama. Ikiwa unatumia nguvu za mwili mzima kusukuma, unga ni laini mno.

Koni ya karatasi hutoa kikombe kisafi kuliko vyote na huteswa na upepo kuliko vyote. Suuza karatasi kwa maji ya moto, lowesha unga kwa maji mara mbili ya uzito wake, subiri nusu dakika, kisha mimina yaliyobaki kwa mizunguko midogo, yote yaishe kupita ndani ya dakika tatu hadi nne. Kama upepo unapeperusha karatasi, siku hiyo tumia sufuria.

Kahawa ya unga wa papo hapo isidharauliwe. Pakiti chache mfukoni ni bima ya siku gesi inapoisha. Ivuruge kwanza kwa kijiko cha maji ya baridi mpaka iwe uji mzito, ndipo utie maji ya moto, haitaganda mabonge.

Mashuani

Mashua ndogo si mahali pa jiko. Inayumba, ina petroli, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka na kutuama ngamani, chini kabisa ya mashua, ikingoja cheche. Chombo kikubwa chenye jiko lililofungwa imara ni jambo jingine. Kwa mtumbwi au boti ya watu wawili watatu, kahawa iandaliwe nchi kavu, au nchi kavu yachemshwe maji tu.

Uchaguzi huo wa pili ndio tunaoupendekeza kwa safari inayozidi saa tatu. Kahawa iliyotengenezwa alfajiri hubaki ya moto thamosini mpaka mchana, lakini ladha yake huchakaa mapema zaidi, na kadiri muda unavyopita huwa kali ya ovyo. Maji ya moto hayachakai. Jaza thamosi maji yanayochemka, uiache dakika tano, umwage, kisha ujaze tena yanayochemka mpaka karibu na kizibo. Nafasi tupu huiba joto. Kisha tengeneza mifuko yako nyumbani: gramu 15 za unga wa chenga katika mfuko mkubwa wa karatasi wa chai, funga kwa uzi wa pamba. Majini, mfuko mmoja huingia kwenye kikombe chenye kifuniko, maji mililita 220 juu yake, dakika tano hadi sita kwa kuwa maji si ya moto kama yaliyotoka jikoni, ukiutikisa mara moja moja. Toa mfuko, uminye, uweke kwenye kopo la taka. Mikono imeshika chambo, kwa hiyo ukamate kwa uzi.

Kwa siku za joto kuna njia isiyohitaji moto hata kidogo. Jioni loweka gramu 80 za unga wa chenga katika lita moja ya maji baridi safi, funika, weka mahali pa ubaridi kwa saa 12 hadi 16, chuja mara mbili. Hutoka laini, isiyo na uchachu mwingi. Ibebe kwenye boksi la barafu, mbali na samaki.

Maziwa na sukari viingie kikombeni, si thamosini. Maziwa yakikaa vuguvugu kwa saa kadhaa huchacha, na harufu yake hubaki kwenye mpira wa kizibo safari tatu zinazofuata. Maziwa ya unga yavurugwe kwanza kwa maji baridi kidogo.

Ulimi unaposema kuna kosa

Onja kabla ya kutia sukari, angalau kikombe cha kwanza cha safari. Uchachu unaobana pembeni mwa ulimi, pamoja na wepesi, maana yake maji hayakuchukua vya kutosha: yalikuwa ya uvuguvugu, au muda ulikuwa mfupi, au unga ni mnene. Uchungu unaong'ang'ania na ukakasi unaokausha kinywa ni kinyume chake: muda umezidi, unga ni laini mno, au sufuria ilirudishwa motoni. Badilisha kimoja tu kwa mara moja, ukianzia na muda, kwa kuwa ukubwa wa unga uliosagwa nyumbani hauwezi kubadilika ukiwa porini.

Kahawa isiyo chachu wala chungu ila imepooza, kama maji yaliyopakwa rangi, ina tatizo la kipimo. Ongeza gramu 5 kwa nusu lita. Ikiwa kali kupita unavyopenda lakini ladha yenyewe ni nzuri, usipunguze unga; ongeza maji ya moto kikombeni.

Ladha ya moshi ni kifuniko kilichosahaulika. Ladha ya mafuta ya kale, kama karanga zilizooza, karibu kila mara ni thamosi: mafuta ya kahawa hugandamana ndani na kuoza. Tia kijiko kimoja cha chakula cha magadi ya kuokea, jaza maji ya moto, acha saa moja bila kukaza kizibo, sugua kwa brashi ya chupa, suuza mara mbili. Mpira wa kizibo uvue uoshe peke yake.

Mashapo na maji ya kuoshea

Usimwage mashapo mtoni wala ziwani, na usiyaache rundo kando ya moto. Harufu yake na mabaki ya sukari huita wanyama usiku. Yakamue, yakaushe kidogo kwenye kitambaa, urudi nayo ndani ya kipakiti kile kile yalichotokea. Karatasi za chujio na mifuko ya chai hurudi nyumbani pia. Vyombo vioshwe angalau mita 60 kutoka majini, hata kama sabuni imeandikwa kuwa ni ya kuozea ardhini, na maji yake yatawanywe juu ya udongo mkavu. Sufuria ifutwe ikiwa bado na vuguvugu, kabla mashapo hayajakauka na kushika chini.